Mapipa matatu ya rangi, gari moja la taka

Swali la msomaji: Ninafundisha darasa la awali Kigamboni, Dar es Salaam, nina watoto 34 wa miaka minne hadi sita. Mkuu wa shule alinunua mapipa matatu ya rangi akaniambia niwafundishe watoto kutenganisha taka na habari za urejelezaji. Nimefundisha wiki mbili, rangi zote wanazijua na wimbo tumetunga. Tatizo, kila Ijumaa mlinzi huyamwaga mapipa yote matatu pamoja na kuzichoma taka nyuma ya vyoo. Juzi mtoto mmoja kaniuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, sasa tunatenganisha za nini?" Sikuwa na la kusema. Nianzie wapi?

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, huyo mtoto ndiye aliyelielewa somo lako kuliko darasa zima, kwa hiyo usimwone mkorofi. Nami niliwahi kuulizwa vivyo hivyo. Miaka mingi nyuma, nikifundisha chekechea upande mwingine wa jiji, nilipaka ndoo tatu rangi kwa mkono wangu: kijani, bluu, nyekundu. Watoto walizipenda mno, hata wakawa wanagombea kutupa. Sasa mmoja wao alikuwa anakaa karibu na pale mzoa taka anapomwaga mzigo wake. Jumatatu akaja mbio: "Mwalimu, yule baba wa guta anamwaga zote shimo moja!" Darasa likanyamaza, wakanitazama. Nikababaisha maneno kuhusu siku zijazo. Wiki hiyohiyo ndoo nikazipeleka jikoni, maana zilikuwa ndoo nzuri.

Nilichokosea, na nadhani ndicho kilichokupata, ni kuazima picha ya mahali pengine. Mapipa ya rangi yana maana pale ambapo gari la karatasi linapita siku yake na la chupa siku yake, na mbele ya magari hayo kuna viwanda vinavyosubiri. Mbele ya mapipa yako kuna mlinzi na kiberiti. Mtoto wa miaka mitano habishani na dhana, anaangalia mwisho wa jambo. Akiona mwisho haufanani na ulichomwambia, anajifunza kitu kingine kabisa: kwamba haya ni maneno ya darasani tu.

Lakini usiseme kwamba kwetu taka hazitenganishwi. Zinatenganishwa kila siku, tena kwa umakini, ila si kwa rangi. Zinatenganishwa kwa kufuata nani anazitaka. Kuna kijana anayepita na mkokoteni akiita "chuma chakavuuu". Kuna anayenunua chupa za plastiki kwa kilo. Mama wa mihogo anataka gazeti la kufungia, jirani mwenye kuku anataka maganda na makombo, mama wa duka anataka chupa yake ya soda irudi. Hapo ndipo ningeanzia kama ningekuwa wewe. Weka mapipa pembeni kwa mwezi mmoja, na kila kitu kinachoshikwa darasani kiulizwe swali moja tu: hiki nani anakitaka?

Somo la kwanza lifanye kwa nazi moja. Uko Kigamboni, huwezi kukosa. Lete nazi yenye kumbi lake, kisu, mbuzi, kung'uto na bakuli. Ifue mbele yao, ivunje, maji wanywe kidogo kidogo, kisha ikune na uchuje tui. Kila kinachobaki kiweke juu ya mkeka, usitupe hata punje. Halafu waulize. Chicha nani anakitaka? Watakujibu kuku kabla hujamaliza swali. Kifuu? Kwa bibi zao kuna upawa wa kifuu, na wengine wamekiona jikoni kikiwasha moto. Kumbi je? Hapa waeleze kwamba Unguja na Pemba wako akina mama wanaofukia makumbi kwenye mchanga na matope ya pwani kwa miezi, kisha wanayafukua, wanayaponda na kusokota kamba kwa nyuzi zake. Ukiwa na kipande cha kamba hiyo wape wakishike, wanuse pia kama pua zitavumilia. Mwisho wa somo mkeka ni mweupe na kila kitu kimepata mwenyewe. Hapo hujatamka neno "urejelezaji" hata mara moja, na huna haja nalo bado.

Kesho yake leta nazi ya pili, ila safari hii iandamane na pakiti ya biskuti na kifuko cha ubuyu. Fanya yaleyale. Nazi itaisha kama jana. Kifuko cha ubuyu kitabaki katikati ya mkeka, na watoto watahangaika kukitafutia mwenyewe: kuku hataki, mnunuzi wa chupa hataki, bibi hataki. Waache wahangaike, usiwaokoe haraka. Ukitaka kuwaeleza sababu kwa lugha yao, pasua pakiti ya biskuti uwaonyeshe upande wa ndani unaong'aa. Waambie ni plastiki na bati jembamba vimegandishwa pamoja kama ugali uliochanganywa na wali, hakuna awezaye kuchambua, ndiyo maana hakuna anayenunua. (Bati ni neno la watoto. Kwa kweli ni utando wa alumini.) Hiki sasa ndicho kinachostahili kuitwa taka. Vingine vyote vilikuwa vitu vilivyopotea njia.

Ukishafika hapo, geuka uangalie darasa lako. Kona ya hesabu imejaa visoda, sivyo? Kadi za herufi umezikata kwenye maboksi, na mpira wa watoto wa kiume ni makaratasi na kamba. Sisi walimu wa awali tunafundishwa chuoni kutengeneza zana kwa vitu vya mazingira, tunafanya miaka nenda rudi, na hatuwaambii watoto kwamba hiyo ndiyo maana ya kutumia tena. Chukua kisoda kimoja, waulize kilikuwa wapi kabla ya kuwa "moja". Watakutajia duka, jina la soda, hata sherehe ya nani.

Chupa ya soda yenyewe ni mwalimu mzuri kuliko mimi na wewe. Ile ya kioo, ambayo bila kupeleka tupu huuziwi iliyojaa, au unaambiwa unywee palepale dukani. Watoto wanatumwa nayo tangu wadogo, wanaujua utaratibu wake wote ila jina. Mimi huwategea kitendawili: "Nilikuja nimejaa, nikaondoka mtupu, nikarudi nimejaa." Wakishindwa wananipa mji, nami sikubali Dar wala Zanzibar hadi wataje na wilaya. Kisha tunaulizana kwa nini chupa ya kioo inarudi na ya plastiki hairudi. Majibu yatakushangaza. Mmoja aliwahi kuniambia, "Ya kioo ina deni." Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo.

Sasa kuhusu urejelezaji wenyewe, ule wa chupa kuyeyushwa ikawa ndoo. Hapa nenda taratibu. Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi, alionyesha kwamba watoto wengi chini ya miaka saba hivi, ukimimina maji yaleyale kutoka bilauri pana kwenda bilauri nyembamba ndefu, watakuambia yameongezeka. Kwao umbo likibadilika, kitu kimebadilika. Kwa hiyo ukimwambia mtoto wa miaka minne kwamba chupa hii itakuwa ndoo, hasikii sayansi, anasikia mazingaombwe. Atakuitikia "ndiyo mwalimu" kwa sababu umesimama na yeye amekaa. Anahitaji kuona kitu kikipoteza umbo na kupata jingine mbele ya macho yake, tena akiwa na mkono wake humo.

Karatasi inakuruhusu kufanya hivyo kwa siku mbili tatu bila kiwanda. Kusanya karatasi za daftari zilizokwisha na magazeti, zile laini zinazong'aa ziache. Watoto wazichane vipande vidogo kama kucha, na kuchana ni kazi wanayoipenda sana maana kwa kawaida wanakatazwa. Loweka usiku kucha. Asubuhi tia kinuni watwange kwa zamu, mchi mdogo, maji ya kutosha, hadi ipatikane kama uji. Kinu kiwe cha kazi hiyo tu, wino hautakiwi kwenye kisamvu. Mimina uji huo kwenye beseni la maji, koroga. Tengeneza fremu ya vijiti, ivike chandarua kilichochakaa kilichokazwa vizuri, izamishe, iinue ikiwa imelala sawasawa, maji yachuruzike. Pindulia juu ya kitambaa cha pamba, kanga kuukuu inafaa sana, kandamiza, kisha anika juani. Karatasi itatoka ya kijivu, nene upande mmoja na yenye tundu upande mwingine. Usiione haya. Mtoto aliyeuona uji ule na sasa ameshika karatasi anayoweza kuichora, huyo ameelewa. Siku nyingine akikuuliza kama mnaweza kuitwanga tena, mwambie ndiyo, ila kila ikitwangwa nyuzi zake zinakatika na kufupika. Viwandani hukadiria mara tano hadi saba hivi kabla nyuzi hazijachoka kabisa.

Kwa plastiki lipo jaribio ambalo halihitaji moto, nalo ni la kweli kabisa. Chukua chupa ya maji, geuza kitako uwaonyeshe namba 1 ndani ya pembetatu ya mishale. Kata wewe mwenyewe kipande cha chupa chenye ukubwa wa kidole gumba, na uchukue kizibo. Waulize: tukivitia kwenye ndoo ya maji kipi kitaelea? Wengi watasema vyote, ni plastiki. Kipande cha chupa huzama, kizibo huelea. Ni plastiki mbili tofauti, na kiwandani huachanishwa kwa njia hiyohiyo: vinasagwa vipande, vinamwagwa majini, kimoja kinashuka kingine kinabaki juu. Watoto watataka kurudia mara ishirini. Warudie.

Chupa zenyewe kusanyeni kwenye gunia na mwite mnunuzi aje shuleni na mzani wake. Naomba hapa usifanye haraka, maana kwangu ndiyo sehemu kubwa kuliko zote. Watoto wetu wamelelewa na tishio la "usiposoma utaokota makopo". Wanalisikia nyumbani, na mara nyingine, tukubali, kwetu sisi walimu. Halafu tunataka wapende urejelezaji wakati tumewafanya wamdharau anayeufanya. Kauli hiyo iache kuanzia leo. Mwite kijana huyo kwa jina, watoto wamwamkie, akalishwe kwenye kiti, awaonyeshe anavyochagua: hii naichukua, hii hapana, kwa sababu hii. Anajua plastiki kwa kuigusa tu, kitu ambacho mimi na wewe hatuwezi. Kisha apime. Chupa ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20 hivi, kwa hiyo kilo moja inataka chupa 50 na zaidi, na gunia ambalo watoto waliliona limejaa pomoni litasoma uzito wa kuchekesha. Pesa itakayotoka ni ndogo. Wanunue nayo kitu kimoja wanachokiona, sabuni ya kunawia kwa mfano, wala usiifanye kuwa mradi wa shule. Nimeona mahali wazazi wakinunua katoni za maji ili watoto wao wapeleke chupa nyingi kuliko wenzao.

Hilo linanipeleka kwenye sanaa za taka, ambazo wageni wa shule huzipenda sana. Sizikatai zote. Gari la waya na la kopo ni ufundi, na ukiweza kupata picha za Flipflopi waonyeshe, lile jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki zilizookotwa pwani na kuvikwa ndala za rangi, likasafiri hadi Zanzibar mapema mwaka 2019. Watoto wa pwani wanajua jahazi ni kitu cha maana, si pambo. Lakini ua la chupa lililopakwa rangi na gundi, likaning'inizwa ukutani wiki mbili, limeharibu chupa. Ilikuwa na mnunuzi, sasa haina. Kipimo changu ni kimoja: je, mtoto atakitumia kitu hiki hadi kichakae? Kopo la penseli, ndiyo. Manyanga ya chupa na mchele mbovu, ndiyo. Kipepeo cha vijiko vya plastiki vilivyonunuliwa jana dukani, hapana.

Kuna mambo ya usalama ambayo siwezi kuyapita. Visoda vibaki kwa hawa wakubwa, mdogo wa chini ya miaka mitatu akitembelea darasa viondoe. Chupa za dawa za mimea, za dawa ya chooni na za mafuta ya gari zisiingie hata zikioshwa. Betri ndogo za duara kama kifungo, zilizomo kwenye midoli na saa, ziogope kama nyoka: zikimezwa huweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Na kila unachohifadhi kiinamishe. Kopo, kifuu, tairi, hata kizibo kikubwa kikishika maji ya mvua, ni kiota cha mbu wa dengue, na jiji letu liliugua dengue mwaka 2014 na tena 2019. Ukiviona viluwiluwi kwenye kopo usivimwage kimya, waite watoto waone kwanza.

Sasa mlinzi na moto wake. Usimseme mbele ya watoto, yeye anafanya alichoagizwa. Kaa na mkuu wa shule, na usiende na hotuba, nenda na gunia. Baada ya wiki tatu za "nani anakitaka" utakuta kinachobaki kuchomwa ni kidogo sana: maganda na majani yako shimoni yanageuka mboji, chupa na maboksi vina mnunuzi. Kilichobaki ni vifuko, pakiti na pengine pampasi za watoto wa darasa la chini. Hivyo vifungwe visubiri gari la taka la mtaa, hata kama ni la kulipia na linachelewa. Mwambie mkuu waziwazi kwamba moshi wa plastiki kwenye moto mdogo wa uani una sumu, na watoto huvuta pumzi nyingi kuliko sisi ukilinganisha na miili yao. Wazazi nao waombe kitu kimoja tu: chakula cha mtoto kije kwenye bakuli lenye kifuniko. Usiwaombe mambo kumi. Vifuko vya ubuyu vitapungua vyenyewe watoto wakishaanza kukosa wa kuwapa.

Wazazi wakikuambia haiwezekani, wakumbushe mifuko ya rambo, ile ya plastiki ya kubebea vitu. Tulisema hatuwezi kwenda sokoni bila hiyo. Ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, na karibu watoto wako wote wamezaliwa baada ya hapo, hawaijui. Mwombe bibi mmoja aje awaeleze alivyokuwa akibeba samaki kabla ya rambo: kwenye pakacha, au akiwatunga kwenye ukindu. Akiweza kusuka pakacha hapohapo, mwachie kipindi kizima.

Na yule mtoto aliyekuuliza mjibu, tena mbele ya walewale waliosikia swali. Mwambie: "Uliniuliza tunatenganisha za nini, na mimi sikujua. Nimeuliza, sasa nimejua." Kisha mpe kazi. Mpe chungu kikubwa chenye udongo, mfukie humo pamoja ganda la ndizi, jani, kipande cha karatasi, kifuko cha ubuyu na kisoda, kila kimoja na kijiti chake chenye picha. Kila mtoto aseme anadhani kipi kitabaki, nawe uandike. Mfukue baada ya wiki tano au sita. Chungu kikae kivulini karibu na bomba, na yeye ndiye awe wa kukimwagilia kidogo kila asubuhi, kwa sababu udongo ukikauka hata ganda la ndizi litabaki lilivyo, na utakuwa umewadanganya mara ya pili.